Mayai ya Mtakatifu Klara

Leandro alikuwa ameahidi kuja na gari, akaja kwa miguu. Casilda alimwona kutoka dirisha la jikoni, akikata kona kwenye kile kijia cha mashamba ya ngano ambacho mahujaji wachache hukifuata wanapoiacha njia kuu ya hija ya kwenda Santiago, huku Hispania. Moyo ukaanza kumwenda mbio kama wa msichana wa kipaimara, yeye mtu mzima, mjane, aliyeshika kisu na kitunguu saumu.

"Amefika huyo," alisema Bi Benigna, bila kuinua uso kutoka kwenye dengu alizokuwa akichambua.

"Umejuaje, Mama?"

"Umeacha kukata vitunguu."

Casilda akarudi kukata, akijitahidi asitabasamu. Bi Benigna hakuwa mama yake mzazi. Alikuwa mama wa Tasio, mumewe marehemu. Tasio alipozikwa, dada zake Casilda walimwita arudi kwao Valladolid, akakataa. Akabaki Valdeolmo na mama mkwe wake, wanawake wawili katika nyumba ya mawe inayotazamana na kanisa, wakitunza ufunguo wa kanisa kama familia ile ilivyoutunza tangu enzi za mababu. Anayetaka kuliona kanisa hugonga mlango wao. Leandro naye aligonga hivyo hivyo masika yaliyopita, miguu imejaa malengelenge na mkoba mgongoni, akauliza kama kuna ufunguo. Ufunguo ulikuwepo. Kilichofuata kijiji kizima kilikijua kabla wao wenyewe hawajakijua.

Safari hii hakugonga. Alisimama kizingitini na kikapu mkononi, jasho likimtiririka.

"Shikamoo, Bi Benigna."

"Marahaba." Jibu lilitoka kavu. "Kama umekuja kwa ajili ya kanisa, ufunguo uko kwenye msumari wake. Kama umekuja kwa jingine, mwenye jingine huyo hapo."

"Gari limekufa?" aliuliza Casilda haraka, ili maneno yale yasipate pa kukaa.

"Gari zima. Lakini barabara yenu ina mashimo, na mimi nimebeba mayai."

Akafunua kitambaa. Yalikuwa mayai ya rangi ya udongo, mengine bado yana vinyoya. Leandro aliuza mikate kwa gari katika vijiji vya upande wa mji wa Carrión, na kwa kila mlango aliofikisha mkate alijuana na kuku wa mwenye nyumba.

"Ya nini yote hayo?" aliuliza Bi Benigna.

"Ya masista wa Mtakatifu Klara. Jumamosi mvua isituharibie."

Hapo hapakuhitajika maelezo. Nchi nzima inajua kwamba bibi harusi hupeleka mayai kwa Waklara, masista wakamwomba Klara wao, na siku ya harusi mbingu zikawa safi bila wingu. Wapo wasioingia kanisani mwaka mzima ila mayai watapeleka. Lakini Bi Benigna aliyatazama yale mayai kana kwamba Leandro ameleta nyoka. Akanyanyuka na sinia lake la dengu, akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango.

Leandro akamwangalia Casilda. "Nimesema nini?"

"Hujasema kitu. Chukua ufunguo, twende."

*

Walivuka uwanja. Juu ya mnara, korongo walikuwa wakigonganisha midomo yao kwenye kiota kilichokuwa kikubwa kuliko kengele. Casilda alitembea mbele, na Leandro alimtazama ule mgongo ulionyooka, zile nywele zilizofungwa haraka haraka, akajisemea kwamba angeweza kutembea nyuma ya mwanamke yule mpaka mwisho wa dunia na asiulize wanaenda wapi.

Mlangoni akauliza kile kilichokuwa kikimkereketa.

"Bi Benigna amesemaje? Atakuja?"

"Hajasema."

"Casi, harusi ni Jumamosi."

"Najua ni lini."

"Na asipokuja?"

Casilda alikuwa ameutia ufunguo kwenye kitasa, anauzungusha kwa mikono miwili. Akaacha.

"Nilishakwambia. Siwezi kutoka kwenye nyumba ile nimevaa nguo ya harusi, nikampita yeye amekaa jikoni anachambua dengu. Siwezi, Leandro. Alinishika mkono siku tunamzika mwanawe. Yeye ndiye mama aliyefiwa, na akanishika mimi mkono. Bila yeye siolewi."

"Kwa hiyo mwenye kuamua ni yeye."

"Unaona vibaya?"

"Naona naogopa," alisema Leandro. "Nikipambana na mwanamume mwenzangu najua pa kuanzia. Huyu bibi hajanipa hata kikombe cha kahawa tangu nimjue."

"Alikupa mara moja."

"Ilikuwa baridi."

Casilda akacheka, na mlango ukafunguka.

Ndani kulikuwa na ile baridi ya kanisa la mawe ambayo haitoki hata katikati ya Agosti. Madirisha ni membamba, mwanga unaingia kidogo kidogo na kuangukia altare yenye dhahabu iliyochakaa. Leandro alivua kofia, akaenda moja kwa moja kwenye nguzo ya tatu upande wa kushoto, akainua uso. Kule juu mchongaji asiyejulikana jina alichonga mume na mke walioshika mkate mmoja, huyu anavuta huku, yule anavuta kule.

"Bado wanagombana," alisema.

"Mimi nilikwambia wanagombana. Padri anasema wanagawana."

"Siku ile ulinieleza mambo mengi. Ulisema kanisa lina umri gani, nani alilijenga, mfalme gani alipita. Sikusikia hata moja."

"Ulikuwa unaumwa miguu."

"Nilikuwa nakuangalia mkono. Ulikuwa unaonyesha juu, na hapa kwenye kiwiko palikuwa na unga." Akamgusa kiwiko, polepole, kwa ncha za vidole. "Nikasema moyoni, mwanamke anayekanda unga na mimi ni muuza mikate, sasa mahujaji wengine waendelee tu."

Casilda hakuondoa mkono. Alisikia joto la vidole vile likipanda mpaka shingoni, akafumba macho kidogo. Alikuwa ameolewa katika kanisa hili, alikuwa ameagana na mume katika kanisa hili, na hakuwahi kudhani kwamba siku moja atasimama humu humu akitamani kuguswa. Aliona aibu kidogo, na zaidi ya aibu aliona furaha.

"Nakupenda," alisema, kwa sauti ya chini kwa sababu kanisa lilikuwa tupu na lingelirudisha neno. "Lolote likitokea, ujue hilo."

"Lisitokee lolote. Tupeleke mayai."

*

Nyumba ya watawa inashiriki ukuta na kanisa. Unatoka kwa mlango mdogo wa ubavuni, unapita kiwanja chenye kisima, unaingia ukumbi mdogo wenye giza unaonukia nta na biskuti za lozi. Humwoni mtu. Ukutani kuna kasha la mbao linalozunguka. Unaweka chako upande wako, mtawa analizungusha, anakichukua upande wake, na nyuso hazionani. Casilda alivuta kamba ya kengele.

"Salamu Maria uliye safi," ilisema sauti ya kizee kutoka ndani.

"Uliyekingiwa dhambi," alijibu Casilda. "Sista Práxedes, ni mimi."

"Casilda wa ufunguo! Hujambo, binti? Mbona hatua nasikia za watu wawili? Na mmoja ana viatu vizito."

"Ni mchumba wangu, Sista."

"Yule wa mikate. Mwambie mkate wake wa wiki iliyopita ulikuwa na chumvi nyingi."

"Nimesikia, Sista," alisema Leandro.

"Vizuri. Asikiaye husamehewa. Haya, mmeleta nini?"

Wakaweka kikapu. Kasha likazunguka likilia, kikapu kikapotea. Wakasikia mkono ukihesabu na kunung'unika kwa kuridhika.

"Mayai mazuri. Ni ya lini?"

"Ya harusi yetu. Jumamosi, saa sita mchana. Tunaomba jua."

Ndani yai likarudishwa kikapuni. Halafu Sista akakohoa.

"Jumamosi hii?"

"Hii."

"Hapa Valdeolmo? Hakuna harusi nyingine hapa Jumamosi?"

"Sista, kijiji kina watu wasiojaza upande mmoja wa kanisa. Harusi nyingine itoke wapi?"

"Basi hapo pana matata, binti. Jumamosi hiyo nimeshaletewa mayai. Ya mvua."

Casilda akamtazama Leandro. "Ya mvua? Nani anamwomba Klara mvua?"

"Ndivyo nilivyomwambia mimi! Nikamwambia, mama, kwa Klara tunaomba jua, ukitaka mvua mpelekee Isidro, yeye ndiye wa wakulima. Akasema kwa Isidro kila mtu anaomba na ndiyo maana hasikii. Yeye hataki mvua ya mwezi mzima. Anataka ya siku moja, saa sita mchana, juu ya kanisa."

"Alikuwa nani, Sista?"

"Sisi huku hatuoni nyuso."

"Sauti mnasikia."

"Sauti tunasikia," alikiri Sista Práxedes, na ilikuwa wazi kwamba siri ile ilikuwa inamwasha kwenye ulimi. "Tuseme hivi. Kila yai lilikuwa limefungwa kwenye gazeti peke yake, ncha zimekunjwa ndani. Namna ile anavyofunga mtu mmoja tu, anapotuletea vikombe vya kuazima siku ya sikukuu yetu."

Casilda hakuhitaji kuambiwa zaidi. Miaka yote aliyoishi katika nyumba ile alikuwa ameviona vikombe vile vikifungwa.

"Mama," alisema.

"Mimi sijataja jina. Ila sasa nifanye nini? Niwaweke masista upande wa kulia waombe jua, na wa kushoto waombe mvua? Klara ataona tumelewa."

Leandro alitaka kucheka. Kisha akamwona Casilda. Alikuwa ameegemea ukuta, machozi yanamtoka bila sauti.

"Casi. Casi, nitazame."

"Hajasema kwa mdomo, amesema kwa mayai," alisema Casilda. "Mimi nasubiri neno lake, nambembeleza, nampikia supu anayoipenda, kumbe ameshatoka na fimbo yake akaja mpaka hapa kuniombea harusi iharibike."

"Mvua haiharibu harusi. Tutalowa, tutakauka."

"Siongelei mvua! Hataki. Ndivyo alivyosema, hataki." Akajifuta uso kwa kiganja. "Rudi Carrión, Leandro."

"Sirudi."

"Rudi. Mwambie padri tumeahirisha."

"Nitamwambia nini padri? Kwamba bibi kizee mmoja anapenda mvua?" Leandro akamshika mabega, kwa upole, kama mtu ashikaye kitu chenye ufa. "Sikiliza. Ukiniambia hunipendi, nitaondoka sasa hivi na sitageuka. Sema."

Casilda akatikisa kichwa. Akaweka paji la uso kifuani mwa Leandro, palipokuwa na vumbi la ngano na jasho, akabaki hapo.

"Mimi bado nipo huku," ilisema sauti ya Sista Práxedes kutoka ukutani. "Nawaambia tu ili msifanye mambo mkidhani mko peke yenu."

"Tunajua, Sista."

"Basi na mimi niseme langu. Binti, nimekaa nyuma ya kasha hili tangu nina nywele nyeusi. Wanaoomba mabaya huwa wananong'ona. Yule hakunong'ona. Nenda ukamuulize. Mayai yako nayaacha papa hapa, sivunji hata moja na siombi neno mpaka unirudie."

*

Bi Benigna alikuwa amerudi jikoni. Dengu ziko motoni, na yeye amekaa mikono mapajani, kitu ambacho si kawaida yake. Alipomwona Casilda na macho yake mekundu, na Leandro amesimama nyuma mlangoni, akaelewa.

"Yule Práxedes," alisema. "Amefungiwa maisha yake yote, na mdomo hawakuweza kuufungia."

"Umeomba mvua siku ya harusi yangu, Mama."

"Nimeomba."

"Kwa nini? Kama hutaki niolewe, si ungeniambia? Mimi ningekataa hata kesho yake. Unajua ningekataa. Kwa nini unifanyie hivi kwa siri?"

"Nani amesema sitaki uolewe?"

"Umepeleka mayai!"

"Nimepeleka mayai." Bi Benigna akatazama moto. Sauti yake, iliyozoeleka kwa ukavu, ikaanza kukwaruza. "Ulipoolewa na Tasio, mayai nilipeleka mimi. Unakumbuka? Mama yako alikuwa mgonjwa, nikasema nitapeleka mimi. Nilichagua moja moja. Nikapeleka na kuku aliyeyataga. Nikawaambia masista, niombeeni jua, mwanangu anaoa. Na jua lile uliliona. Watu walinipa mkono uwanjani, wakasema Benigna, umejua kuomba. Nikavimba kichwa."

Casilda akasogea karibu na moto.

"Baada ya miaka minne nikamzika," alisema Bi Benigna. "Niliomba siku moja, nikapewa siku moja. Nilikuwa na Klara mzima ananisikiliza, nikamwomba hali ya hewa! Sikuomba mwanangu azeeke. Sikuomba wajukuu. Niliomba viatu vya wageni visichafuke. Tangu hapo kila nikiona bibi harusi na kikapu chake natamani nikimwage."

"Mama..."

"Niache nimalize. Kwao mama yangu, kule milimani, walikuwa wanafurahi bibi harusi akilowa. Walisema huyo atakaa na mumewe. Mimi nilipokuja huku kwenye nchi kavu nikawacheka, nikafuata ya huku. Safari hii nimefuata ya mama yangu. Nimeomba ulowe. Ulowe mpaka kwenye mifupa, mwanangu, nywele zikuangukie usoni, watu wakucheke, na huyu ubaki naye." Akamwonyesha Leandro kwa kidevu, bila kumtazama. "Mimi sitaki kukuona umevaa nyeusi mara ya pili. Sina nguvu hizo."

Casilda alipiga magoti sakafuni, akaweka kichwa kwenye mapaja ya yule bibi, kwenye ile aproni inayonuka moshi. Walilia wote wawili, kwa Tasio na kwa mambo ambayo hawakuwahi kuambiana. Leandro alibaki mlangoni na kofia yake, hajui aingie au atoke.

"Kwa hiyo utakuja," alisema Casilda hatimaye. "Jumamosi utakuja kanisani."

Bi Benigna akampapasa nywele. "Sitakuja."

Casilda akainua kichwa.

"Nije kama nani?" aliuliza Bi Benigna. "Fikiria vizuri. Mama wa marehemu ana kiti gani kwenye harusi ya mjane? Nikikaa mbele, watasema nimekuja kuwakumbusha watu mwanangu. Nikikaa nyuma na majirani, nitakuwa jirani, na mimi si jirani yako. Usinililie tena. Nitabaki hapa, nitasikia kengele. Nitafurahi nikiwa hapa."

Casilda alijua kwamba ni kweli. Huku kwao kila mtu kanisani ana mahali pake, na kwa mtu kama Bi Benigna hapakuwa na mahali.

Leandro akaingia. Alizunguka meza, akasimama mbele ya yule bibi ambaye alikuwa anamwogopa kuliko mbwa wa wachungaji.

"Bi Benigna," alisema, "bwana harusi anaingia na nani?"

"Hata hilo hujui? Anaingia na mama yake. Anamshika mkono mpaka altareni."

"Wangu amezikwa Carrión."

Bi Benigna akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza anamtazama usoni kwa muda wa kutosha kuona rangi ya macho yake.

"Una shangazi. Casilda alisema una shangazi."

"Ninaye. Ananiona mjinga, na mimi namwona mchoyo. Tungetembea tukigombana mpaka kwa padri." Leandro akaweka kofia mezani. "Sikuombi kwa ajili ya Casilda. Nakuomba kwa ajili yangu. Niingize wewe."

Chungu cha dengu kikawa kinachemka, hakuna aliyekwenda kukitazama. Bi Benigna alimpima Leandro kwa macho, toka viatuni mpaka kichwani.

"Tasio alikuwa mfupi," alisema Bi Benigna mwishowe. "Kama mimi. Tulitembea vizuri. Wewe umerefuka bure."

"Nitainama."

"Usiiname, utaonekana unaumwa tumbo. Nipe mkono, tuone."

Akanyanyuka kwa kuegemea meza, akajifuta viganja kwenye aproni, akaupitisha mkono wake mkavu ndani ya mkono wa Leandro. Wakaondoka kwenye sinki, wakapita mbele ya Casilda aliyekuwa bado sakafuni, wakaelekea mlangoni, yeye kichwa juu, macho mbele, kama kanisa zima limesimama.

"Polepole," alimkemea. "Huku hatugawi mikate."

"Samahani, Mama."

Neno lile lilimtoka bila kulipanga. Bi Benigna alisimama. Mkono wake ukakaza juu ya mkono wa Leandro, ukabaki umekaza. Kisha akafungua mlango wa nje, akaichunguza mbingu ya Valdeolmo, buluu na kavu, isiyo na hata wingu moja la kumpa moyo.

"Casilda," aliita, "inuka hapo. Rudi kwa Práxedes, mwambie yale mayai ya jua ayapikie masista chakula cha usiku. Na ukipita dukani ulizia mwavuli. Mkubwa, wa watu watatu."